Mizani ya Kiboriloni

Vyote viwili vimebandikwa herufi zilezile,
emu-pii-pii-tii.
Kimoja elfu thelathini na tano,
kingine laki mbili na themanini,
na Fundi Ndekirwa wa Double Road ananiambia,
mama, unalipia jina tu, boksi ni boksi,
skrubu sita: paneli, betri, taa.

Sikubishana naye. Mimi nimeshavunja mayai.

Julai iliyopita ukungu ulikaa Uru siku tisa,
migomba hatukuiona, tuliisikia tu ikidondosha maji,
na usiku wa kumi na nane wa kutotolesha,
saa nane, betri ikakata roho.
Mayai mia mbili na arobaini.
Asubuhi niliyavunja moja moja
nikisema labda hili,
labda hili.
Walikuwa wameshaota manyoya.

Betri ilikuwa mpya. Paneli nzima, wati mia mbili hamsini,
naipanda mwenyewe kwa ngazi kuifuta kwa kipande cha kanga.
Basi nani alikuwa anakula njiani?

Aminieli, kijana wa jirani aliyesomea VETA,
alinieleza kwa lugha ya dukani
maana anajua nimekaa kaunta miaka kumi na mmoja:
Paneli yako inaleta noti kubwa, volti thelathini.
Betri inataka kumi na tatu tu.
Hiki cha bei poa hakina chenji.
Kinapokea noti, kinakupa cha kumi na tatu,
kilichobaki kimeishia hukohuko juu ya bati.
Cha kweli kinakaa chini, kinavunja noti,
volti zilizozidi kinakurudishia kwa ampea.
Akachukua daftari langu la mayai,
akaandika nane upande huu,
upande huu kumi na saba.
Jua ni lilelile.

Nitajuaje cha kweli, nikamuuliza, na vyote vimejiandika?
Akasema: vipime.

Nilidhani anataka mita.

Jumamosi nikavibeba vyote, kimoja cha kununua, kingine cha kuazima,
nikavipandisha kwenye mizani ya Ndeshi, Kiboriloni,
katikati ya soya na maharage ya njano.
Siku hizi umeme unapimwa kwa kilo? akauliza mteja mmoja
na watu wakacheka, nami nikacheka.
Cha kwanza: gramu mia na sabini, pamoja na boksi lake.
Cha pili kiliishusha sahani hadi ikagonga.
Kilo moja na robo.
Ndani yake kuna shaba, Aminieli alishanionyesha,
koili nene iliyozungushwa
kama kata ya kubebea ndoo.
Kile kingine ukikitikisa
unasikia skrubu moja inatembea.

Darasa la sita mwalimu alitufundisha
kwamba shairi lisilotimiza mizani linaitwa guni.
Sikuwahi kulitumia neno hilo popote,
wala sokoni, wala kanisani,
hadi siku hiyo.

Niliuza majogoo tisa na redio.

Kile chepesi sikukitupa.
Nilibandua karatasi yake, chini yake kulikuwa na karatasi nyingine
ya jina jingine kabisa,
nikaibandua na hiyo,
nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: GUNI.
Sasa kinalinda kipaneli cha wati ishirini, taa ya banda la kuku.
Noti ya huko ni ndogo, chenji haidaiwi,
na tangu kilipoacha kujiita kisichokuwa
hakijanisumbua.

Leo tena ni usiku wa kumi na nane.
Ukungu umeshuka tangu juzi, mbwa wa Aminieli anabweka asichokiona.
Nimejifunga blanketi, nimekaa kwenye ndoo iliyofunikwa,
nasoma namba ndogo za kijani:
kumi na mbili nukta sita.
Saa nane imepita.
Kumi na mbili nukta sita.
Naweka sikio kwenye mlango wa kitotoleshi,
naondoa,
naweka tena.